Inua Nyusi, Kisha Uliza

MPAKANI
Na Nekesa Wandera

Mama anayeniuzia omena hapa Busia ni kiziwi. Kwa miaka miwili tulitumia vidole tu: kimoja, gorogoro moja, nikitikisa kichwa, bei imenishinda. Nilidhani tunaelewana. Kisha akatoweka wiki tatu, akarudi amekonda, nami sikuwa na njia ya kumwambia hata pole.

Ndipo nilipomwendea kijana kiziwi anayeshona viatu kando ya barabara, nikamlipa anifundishe. Somo la kwanza halikuwa la mikono. Aliniinua kidevu, akanigusa nyusi. Swali la ndiyo au la huulizwa hapo. Nyusi zikilala, umesema jambo, hujauliza. La pili: usimwite kiziwi ukiwa nyuma yake, mguse bega.

Sisi wa mpakani tuna udhuru gani wa kutojifunza lugha ya ishara? Mchuuzi wa hapa hukupokea kwa Kisamia, hupatana bei kwa Kiswahili, akivuka huomba apunguziwe kwa Kiganda, na akifika Tororo husalimia kwa Kiteso. Hata neno bodaboda lilizaliwa huku, kwa waendesha baiskeli waliovusha watu kutoka kituo kimoja cha mpaka hadi kingine.

Sheria nayo imetutangulia. Katiba ya Uganda ya 1995 inataka lugha ya ishara iendelezwe, na mwaka uliofuata Alex Ndeezi, kiziwi, akaingia Bungeni Kampala. Katiba ya Kenya ya 2010 imeifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa mojawapo ya lugha tatu rasmi za Bunge. Lakini kwenye dirisha la dawa jina bado huitwa kwa sauti, na asiyesikia hubaki kwenye benchi hadi jioni.

Wenye maduka, wauguzi, makondakta: mtafuteni kiziwi wa mtaa wenu, mlipeni awafundishe. Msibuni ishara zenu. Za Kenya si za Uganda. Mwalimu wangu anajua zote kwa kuwa wateja wake hutoka pande zote mbili.

Juzi nilimuuliza yule mama, nyusi juu, kama alikuwa mgonjwa. Aliweka gorogoro chini, akajibu kwa mikono yote miwili, kwa muda mrefu. Niliambulia ishara mbili: mtoto, hospitali. Nikamwomba arudie polepole. Akarudia.