Hati ya kiwanja hapewi mchora vibao

Jamani, wafanyabiashara wa Arusha tutaliwa mpaka lini huku tumekodoa macho?

Rafiki yangu anapandisha wageni Mlima Meru. Juzi akataka tovuti yake ihamie kampuni nyingine. Fundi akamjibu: "Nenda, ila jina linabaki." Kumbe alilisajili kwa jina lake mwenyewe! Na rafiki yangu alikubali kwa sababu aliambiwa domeini na seva lazima vikae duka moja.

Si kweli, wadau. Domeini ni kiwanja, hati yake iko kwa msajili. Seva za majina ni kibao cha kuelekeza wageni. Ukisajili .com Marekani au .co.tz Dar, unaweza kuandika seva za majina za kampuni nyingine kabisa. Usajili hauhami. Unabadilisha mistari miwili tu kwenye akaunti yako, na kwa kawaida ndani ya siku moja au mbili dunia nzima imejua.

Duka moja huwaponza hata wakubwa. Tarehe 4 Oktoba 2021 mtandao wa ndani wa Facebook ulikatika, na seva zake za majina zilizokuwa humo humo zikapotea nao. WhatsApp na Instagram zikazima saa kama sita.

Fundi mlipe kazi yake. Lakini usajili uwe kwa jina lako, barua pepe yako, nywila yako. Mchora vibao humpi hati ya kiwanja chako cha Ngaramtoni. Mbona ya tovuti unampa?

Nawasilisha.