Lenzi pana: acheni kuwauzia watoto wa watu 50mm

Najua nimepotea. Wiki 3 sijaandika kitu, test zimepangana kama ndoo kwenye foleni ya maji. Ila leo lazima niandike maana nina donge, nisipolitoa silali.

Jana jioni kaja mdogo wetu mmoja wa mwaka wa kwanza, simtaji, uso umemshuka. Bumu limetoka siku 4 zilizopita, na kipande kikubwa cha hilo bumu kimeshakuwa lenzi. Alitaka kitu kidogo, chepesi, cha kupiga picha pana: chumbani, kwenye daladala, kwenye vikao vya klabu yao. Akaenda kuuliza kwa wazee wa kijiweni, wale wa nyuma ya kantini wenye mikanda ya kamera shingoni hata siku isiyo na shughuli. Wakamwambia lenzi ya kwanza ni 50mm f/1.8, kila mtu duniani anaanza na hiyo, na bahati nzuri mmoja wao anayo anauza. Bahati nzuri, eti!

"Kaka, mbona haichukui chumba?"

Haiwezi kuchukua chumba, mdogo wangu. Haikutengenezwa kwa kazi hiyo.

Sasa nasema wazi, na najua watanijia juu: ushauri wa "anza na 50" ni ushauri mbovu kwa mtu anayekaa hosteli na mwenye kamera kama zetu. Sisemi lenzi ni mbaya. Siku ya mahafali, mtu amesimama chini ya mti na joho lake, nyuma kumelainika kama uji, safi kabisa. Lakini mahafali ni siku moja kwa mwaka. Siku nyingine zote tunaishi tumebanana.

Tufanye hesabu, ya darasa la 7 tu, msikimbie. Kamera nyingi tulizonazo hapa, hizi za mtumba za Canon kama 600D na 700D, zina sensa (si ile ya kuhesabu watu, hii ni kile kipande cha ndani kinachopokea mwanga) yenye upana wa milimita 22.3. Zile kubwa za gharama zina milimita 36. Ukitaka kujua lenzi itachukua upana gani, chukua huo upana wa sensa, gawanya kwa namba ya lenzi, zidisha kwa umbali uliosimama. Basi. Ukisimama mita 3 kutoka ukutani, 50mm inakupa upana wa mita 1.34. Yaani mlango na kidogo. Ile 18-55 inayokuja na kamera, ukiiweka kwenye 18, inakupa mita 3.7. Lenzi ya 10mm inakupa karibu mita 6.7. Hizo namba hazibishaniwi kijiweni, zinatoka na futi kamba.

Na kwa nini nina uchungu hivi? Kwa sababu mimi mwenyewe niliingia mkenge huo huo, tena vibaya zaidi: niliuza 18-55 yangu ili niongezee hela ya 50. Msinicheke.

Wengi wenu mnakumbuka sakata la vyumba. Chumba cha watu 4 tukapangiwa 8. Vitanda vya dabodeka vikawa 4 badala ya 2, mlango ukawa haufunguki wote maana unagonga chuma cha kitanda. Tukakubaliana tuandike barua na tuambatanishe picha. Nani ana kamera? Mimi. Nikajipinda kwenye kona na 50 yangu. Kitanda cha kwanza kiko mita 1 na nusu mbele yangu, kwa hiyo nilikuwa naona sentimita 67 za kitanda. Shuka na nusu ya mto. Nikapiga picha 40. Tukachagua 6, tukazitoa rangi kwa hela ya mchango, tukapeleka ofisini.

Yule mzee wa ofisini akazipanga mezani taratibu, akavaa miwani, akasema: "Hii ni shuka. Hiki ni kikombe. Huyu kijana ana tabasamu zuri. Sasa chumba kiko wapi?"

Wenzangu 7 wakanigeukia. Hiyo aibu sijaisahau mpaka leo.

Safari ya pili niliazima Canon 10-18mm f/4.5-5.6 kwa dada mmoja wa mwaka wa 3 anayepiga picha za harusi. Wadau, kale kalenzi ni kadogo. Gramu 240, urefu kama sentimita 7, kanaingia kwenye mfuko wa koti. Kalitoka mwaka 2014 na bei ya kuanzia kule Marekani ilikuwa dola 299, kwa hiyo ya mtumba leo haikuhitaji kuuza figo.

Hapa kuna jambo ambalo wazee wa kijiweni hawalisemi kwa sababu hawalijui. Lenzi pana inadanganya. Picha ya kwanza niliyopiga kwa 10mm kutoka kwenye kona, room-mate wangu akaiangalia akasema, "Mbona pamekuwa kama ukumbi wa harusi?" Kweli! Kitanda cha karibu kimekuwa kikubwa, cha mbali kimekimbia, ukuta wa nyuma uko kilomita 2. Hiyo ndiyo hila ya wanaotangaza vyumba vya kupanga mtaani: unaona picha, unalipa dalali, unafika unakuta stoo. Ningepeleka ile picha ofisini tungeambiwa tuongezewe watu wengine 4!

Ikabidi nitulie nifikiri. Nikapanda stuli pale mlangoni, nikatoka kwenye 10 nikaiweka kama 13 hivi. Nikawaita wenzangu wote 7 wakae kila mtu kitandani kwake, na magodoro ya pembeni na ndoo na majiko yaonekane. Nikahakikisha kamera haiinami, maana ukiinamisha lenzi pana kidogo tu, vyuma vya vitanda vinaanguka kama vimelewa. Na nikamwondoa jamaa wa pembeni kabisa mwa picha, kwa sababu ukingoni lenzi hizi zinavuta watu: kichwa kinakuwa kama embe dodo. Picha 1. Moja tu. Ofisini hakuna aliyeuliza tena chumba kiko wapi. Majibu bado tunasubiri, ila angalau sasa wanajibu barua yenyewe, siyo picha.

Ndiyo maana nasema ukichagua, chagua ya kuvuta kama hiyo 10-18 kuliko yenye namba moja. Chumba kinakubana, hurudi nyuma, huendi mbele. Unahitaji kuweza kupunguza upana kidogo bila kuvunja ukuta wa jirani.

Sasa kuna kundi la pili, hawa ndio wananiudhi kuliko wa 50. Hawa ni wa "f/2.8 au acha". Ukiwatajia 10-18 wanakunja pua: hiyo giza, hiyo plastiki, subiri ujipange ununue 16-35mm f/2.8. Jamani! Ile Canon 16-35 f/2.8 toleo la 3, la mwaka 2016, ina uzito wa gramu 790 na ilitoka kwa zaidi ya dola 2,000. Na ukiifunga kwenye 700D, turudi kwenye hesabu yetu: kwenye mita 3 unapata mita 4.18. Yaani sentimita 46 tu zaidi ya ile 18-55 uliyoipata bure na kamera. Bumu la miaka mingapi kwa sentimita 46? Ni lenzi nzuri sana, kwa mwenye sensa kubwa. Wewe na mimi hatunayo.

Na hilo giza lenyewe wanalikuza. Tofauti ya f/2.8 na f/4.5 ni kama ISO 1600 dhidi ya ISO 4000. Utapata punje kidogo kwenye picha, ndiyo. Lakini 10-18 ina kidhibiti mtikisiko, na kwenye 10mm mkono wako wenyewe hautikisi picha kirahisi. Watu wakitulia unapiga kwa sehemu 1 ya 30 ya sekunde chini ya taa ya hosteli na picha inatoka. Wakicheza muziki, hapo sawa, kidhibiti hakimzuii mtu kurusha mikono, mtawaona kama mizimu. Kwa disko la bash nakubali f/2.8 ingesaidia. Kwa chumba, darasa, daladala, kikao? Hapana. Halafu lenzi pana ina zawadi nyingine: kwenye 10mm na f/4.5, ukilenga kitu kilicho kama mita 1.2 mbele yako, kuanzia sentimita 60 hivi mpaka mwisho wa macho kila kitu kinaonekana vizuri. Huhitaji kuhangaika.

Kubwa zaidi ni uzito. Lenzi ya zaidi ya nusu kilo utaibeba wiki 2 za kwanza, baadaye inalala kabatini na soksi. Namjua mtu ana Tokina 11-16 f/2.8, kitu kizito cha maana kweli, na hata picha 1 ya semista hii hana.

Mtego mwingine ni ule wa lenzi bapa. Canon 24mm f/2.8 STM, gramu 125, unene sentimita 2 na ushee, ukiiona unaipenda papo hapo kama biskuti. Muuzaji atakwambia "24 ni pana hiyo bro." Kwenye kamera yenye sensa kubwa, ndiyo. Kwenye yako ni mita 2.79 kwenye umbali wa mita 3, pungufu kuliko 18-55. Ni ndogo kweli, nzuri kwa kutembea nayo, ila pana siyo.

Vile vioo vya kuskurubu mbele ya 18-55 vilivyoandikwa 0.45x sivizungumzii sana. Katikati unaona, pembeni ni maji ya kunde. Weka hiyo hela ya chipsi.

Najua kuna mtu ameshafungua mdomo: simu je? Hoja nzuri, na hapa sibishi kwa kiburi. Simu nyingi sasa zina lenzi pana ya pili. iPhone waliiweka mwaka 2019 kwenye 11. Mchana, kwa picha ya kuangalia kwenye simu nyingine, inatosha, na kama ndiyo matumizi yako basi usinunue lenzi yoyote, kula bumu lako kwa amani. Ila usiku chini ya ile taa yetu ya chumbani, kisha uikuze picha mpaka saizi ya A4 ya kubandika kwenye barua, utaona nyuso za watu zimegeuka rangi ya maji. Sisi tulijaribu kabla ya kuazima lenzi.

Mwenye kamera mpya zisizo na kioo cha ndani, maisha yenu rahisi: Canon wana RF-S 10-18 ya mwaka 2023, gramu 150 tu, na Sony wana 10-20mm f/4 ya 2022, gramu 178. Wenye Nikon za mtumba kuweni makini. Ile 10-20mm ya 2017, gramu 230, ni tamu, lakini ina herufi AF-P, na kwenye miili ya zamani kama D90, D3100 na D3200 haitalenga. Usinunue kwa kuangalia inaingia tu. Inaingia vizuri, halafu inakutazama.

Na ukienda kuangalia 10-18 ya mkononi: ile pete ya kulengea haifanyi kitu kamera ikiwa imezimwa, inaendeshwa na umeme. Usidhani imekufa, na usikubali muuzaji akwambie kinyume chake. Washa, lenga karibu, lenga mbali, sikiliza. Piga ukuta mweupe kwenye 10 uone kona zote 4. Sehemu ya kufungia ni plastiki, ikague kama ina nyufa.

Yule mdogo wetu nimeshamwambia arudishe hiyo 50, na kesho saa 10 jioni tunaenda naye kijiweni. Wakikataa kumrudishia, mwenye 10-18 anayetaka kubadilishana aje chumbani kwetu. Mlango unafunguka nusu, pita kiubavu.