Ujana Haukupotea Ukumbini

Miongoni mwa imani zilizoota mizizi Upareni, kuanzia Same mjini hadi Usangi, Mbaga na Gonja, ni ile inayodai kwamba mtu aliyetumia ujana wake kufuata bendi ya dansi mji hadi mji aliupoteza ujana huo. Imani hii husikika zaidi katika mahubiri ya mazishi, ambapo mhubiri, akiwa amesimama kando ya jeneza la mzee aliyekuwa shabiki wa bendi ya Msondo au Sikinde, huwatangazia waombolezaji kwamba marehemu alipotelea kwenye madansi kabla ya kuokoka, na wasifu, yaani maelezo ya maisha yake yasomwayo kabla ya maziko, huiruka miaka hiyo kana kwamba hakuwa hai. Kauli hiyo ni ya kipuuzi, na imevumiliwa mno.

Kwanza ieleweke ni akina nani waliokuwa wakifuatwa. NUTA Jazz, iliyoanzishwa mwaka 1964, ilikuwa bendi ya chama cha wafanyakazi, na chama kilipobadili jina bendi nayo ilibadili, ikawa JUWATA Jazz, kisha OTTU Jazz, na hatimaye Msondo Ngoma, jina lililotokana na mtindo wake, yaani mdundo na uchezaji ambao kila bendi ilijitambulisha nao. Mlimani Park, yenye mtindo wa Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya shirika la usafiri na teksi, kisha ikachukuliwa na Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, DDC. Kijana wa Makanya aliyedandia gari kwenda kuzisikiliza Korogwe au Moshi alikuwa akifuata taasisi za umma. Kama huo ni uhuni, basi ulikuwa uhuni wenye mhasibu na muhuri.

Lisiloonekana na wahubiri hao ni kwamba shabiki huyo ndiye aliyeuhifadhi muziki wenyewe. Mpaka wa Tanzania na Kenya ulipofungwa mwaka 1977, bendi zilikatiwa njia ya kufikia viwanda vya santuri vya Nairobi, na kwa miaka kadhaa studio ya Redio Tanzania Dar es Salaam ikabaki karibu mahali pekee pa kurekodia. Studio ilitaka wimbo wa dakika chache, ilhali ukumbini wimbo huo huo uliweza kurefushwa maradufu, hasa ulipofika kwenye chemko, sehemu ya pili ambamo magitaa huongeza kasi na tarumbeta hujibizana na saksafoni, huku shabiki akisogea jukwaani kumbandika mwimbaji noti kwenye paji la uso lililolowa jasho, desturi iitwayo kutunza. Hakuna mkanda wa redio unaoonyesha ni kipande gani cha gitaa la solo kilichorudiwa kwa sababu mtu alitunza, wala ni nani aliyeshika nafasi ya mwenzake aliyeugua njiani. Mwimbaji Muhidin Maalim Gurumo aliiacha JUWATA mwaka 1978 akaenda Mlimani Park, akahamia Orchestra Safari Sound mwaka 1985, na baadaye akarudi Msondo. Anayeweza kueleza jinsi Gurumo alivyobadilika jukwaani kutoka bendi hadi bendi ni yule aliyelipa kiingilio kwa zote tatu, na huyo ndiye anayezikwa kwa kusimangwa.

Wapo wanaosema kwamba fedha hizo za kiingilio zingenunua mbuzi. Kwa hesabu hiyo, kila Mpare ambaye hakuwahi kukanyaga ukumbi wa dansi angekuwa leo na mifugo iliyojaa kutoka Hedaru hadi mpaka wa hifadhi ya Mkomazi, jambo ambalo macho hayalioni. Baya zaidi ni kwamba hoja ya mbuzi inawapa watani wa Wapare, wale wanaodai nchi nzima kwamba Mpare hatoi senti bila kupelekwa mahakamani, ushahidi ambao hata hawakuuomba.

Upendeleo nao haufichiki. Wazee husimulia kwa majonzi safari za treni ya abiria katika reli iliyofika Moshi mwaka 1911, treni ambayo ilikosekana kwa miaka mingi hadi iliporejeshwa mwaka 2019, na hakuna anayewaambia kwamba ujana wao uliishia kwenye behewa. Mashabiki wa Simba na Yanga hukodi Coaster kufuata timu mikoani, wakarudi wamefungwa na sauti zimekauka, na Jumapili hupokewa kanisani kama mashujaa. Kwaya nazo husafiri kwa mabasi, zikiwa na sare, kinanda na gitaa la besi, na nyimbo zao humalizikia kwa chemko ambalo shabiki yeyote wa Sikinde hulitambua kabla wapigaji hawajalimaliza.

Wasifu wa mzee wa namna hiyo unapaswa kutaja bendi alizozifuata, miji na miaka, kwa utaratibu ule ule unaotaja shule aliyosoma na shamba la mkonge alilofanyia kazi, na mhubiri asiyeweza kutofautisha Msondo na Sikinde angeketi kwanza, amwachie kipaza sauti rafiki wa marehemu aliyekuwa naye garini.