Kubahatisha Si Kutengeneza



Mwezi huu twataka kuzungumza nanyi juu ya jambo lililotugharimu fedha zisizo zetu, na kwa sababu hiyo si halali yetu kulinyamazia. Chuo chetu hapa Tanga kina gari dogo la viti vinane, la mtumba, lililoundwa Japani mwaka 2010. Kazi yake ni kuwachukua watoto wakaao mbali na kuwarudisha kwao kabla ya magharibi. Wazee wao ndio walionunua gari hilo kwa michango yao, nasi tukakabidhiwa kulitunza.

Mwaka jana gari lilianza kuugua. Likisimama njia panda injini ilitetemeka. Likitaka kuondoka lilisita kama punda aliyekataa mzigo. Na mbele ya dereva ikawaka taa ya manjano yenye picha ya injini. Tulilipeleka kwa fundi wa karibu. Alisikiliza kidogo, akasema, "Plagi hizi." Tukanunua nne kwa shilingi 60,000. Taa ikazimika, tukashukuru. Siku ya tatu ikawaka. Akasema ni koili, zile zinazopeleka moto kwenye plagi: shilingi 240,000. Taa ikazimika siku mbili, ikarudi. Kisha ikawa pampu ya mafuta, shilingi 150,000. Kisha ikawa sensa ya oksijeni, kidude kinachokaa katika bomba la moshi, shilingi 180,000. Tukijumlisha na ujira wa kazi, shilingi 120,000, tulikuwa tumetoa shilingi 750,000, na gari latetemeka vile vile. Fedha hizo zilikuwa zimewekwa kwa bati za chumba cha watoto wadogo. Masika yaliwakuta wakisoma chini ya paa livujalo.

Ilipofika siku ya kutoa hesabu mbele ya wazee, tulizisoma stakabadhi moja baada ya moja. Bibi mmoja, mwenye wajukuu wawili hapo chuoni, akanyosha mkono. "Samahani, Mwalimu," akasema. "Huyo fundi alipokwambia ni plagi, ulimwuliza amejuaje?"

Hatukuwa na jibu. Sisi ambao kila siku twamkataza mtoto kubahatisha herufi, twamtaka aitazame kwanza ndipo aitamke, tulikuwa tumeridhia kubahatisha kwa fedha za watu.

Siku ya pili yake tulikwenda kwa fundi mwingine, ambaye hutoza shilingi 30,000 kwa kupima tu, kabla hajafungua hata skrubu moja. Twakiri kwamba habari zake tulikuwa nazo tangu mwanzo, lakini tulisema: vipi tutoe fedha zote hizo kwa kutazamiwa tu?

Gari za siku hizi zina kompyuta inayoziangalia, na ikiona hitilafu huandika namba. Marekani ililazimisha utaratibu mmoja wa namba hizo kwa gari ndogo mpya zote kuanzia zile za mwaka 1996, na Umoja wa Ulaya ukafuata kwa gari mpya za petroli mwaka 2001. Fundi alichomeka kifaa chake, akasoma P0171. Maana yake ni kwamba ndani ya injini hewa imezidi na petroli imepungua. Namba hiyo yataja maradhi, wala haitaji sababu yake. Sababu hutafutwa na mtu.

Akatueleza. Injini ya petroli yahitaji hewa kiasi cha kilo 14.7 kwa kila kilo moja ya petroli. Hewa hupimwa inapoingia, na kompyuta hutoa petroli kwa kadiri ya kipimo hicho. Kisha akapitisha mkono chini ya mpira mpana unaoipeleka hewa hiyo kwenye injini, akaukunjua. Katika mikunjo yake, upande usioonekana, palikuwa na ufa mrefu kama kidole. Hewa isiyopimwa ilikuwa ikiingilia hapo. Ile sensa ya oksijeni ilikuwa ikisema kweli tupu, nasi tukamfukuza shahidi kwa kuwa hatukuuelewa ushahidi wake.

Tukamwuliza, mbona kila kilipotiwa kitu kipya taa ilizimika? Akasema kwamba fundi anapofungua waya wa betri, au anapoifuta namba kwa kifaa, taa huzimika na kompyuta huanza kupima upya. Yaweza kupita safari kadhaa kabla haijaiona tena hitilafu ile ile. Basi furaha yetu ya siku mbili mbili haikuwa ushahidi wa kupona.

Mpira mpya, pamoja na kuufunga, ulikuwa shilingi 45,000. Tia na zile 30,000 za kupima, jumla yake ni 75,000: sehemu moja ya kumi ya tulizokwisha kuzipoteza.

Hatusemi kwamba fundi wa kwanza ni mwizi. Kosa kubwa ni letu. Mwenye gari anayekataa kulipia macho ya fundi, akakubali kulipia mikono yake tu, amemfundisha kubadili vitu pasipo kupima.

Kwa hiyo twawausia wenye nyumba mambo machache. Kabla ya kwenda gereji, andikeni gari lafanya nini na wakati gani: likiwa baridi au limepata moto, limesimama au lapanda mlima. Namba isomwe na kuandikwa kabla haijafutwa. Kila kitu kinachotakiwa kununuliwa, ulizeni kwa adabu, "Umejuaje?" Kibadilishwe kimoja kwa wakati mmoja, na cha zamani mrudishiwe.

Nanyi vijana mnaojifunza ufundi, kuna vipimo visivyo na gharama. Mkidhani koili moja ni mbovu, na kila plagi ina koili yake, ihamisheni mahali pa nyingine kabla ya kununua. Kosa likiifuata, mmeijua. Likibaki palepale, mmewaokolea watu fedha zao. Na asiyejua aseme "Sijui bado, nipe nafasi nipime." Neno hilo halimshushi fundi heshima.

Koili nne za zamani, zilizokuwa nzima, tumeziweka katika sanduku hapo chuoni. Bati bado hatujazinunua. Twazichangia upya, na safari hii sisi tumetoa kwanza.

Wassalaam.