Kabla gunia la mbaazi halijashonwa

Mzazi mwenzangu, msimu wa ufuta ukifika Mtama, magunia huelekea kwenye maghala ya vyama vya msingi. Baadaye hufuata mbaazi, kisha korosho. Mazao haya ndiyo yanayolipa ada na kuezeka nyumba, hakuna wa kuyabeza. Ninalouliza ni hili: kabla gunia halijashonwa, fungu la mtoto limetengwa?

Mwaka 2019 jopo la EAT-Lancet, lenye wanasayansi 37 kutoka nchi 16, lilitaja mlo unaojenga mwili bila kuichosha dunia: mboga, matunda, jamii ya kunde na korosho kwa wingi, nyama nyekundu na sukari kidogo. Mkulima wa Lindi akiisoma orodha hiyo ataliona shamba lake. Mbaazi huvumilia ukame na kurutubisha udongo. Chakula bora tunacho, ila kinapita mlangoni kikienda mnadani.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano nchini wamedumaa. Sababu ni nyingi, maradhi yakiwemo. Lakini ugali wa muhogo na mchuzi mwepesi siku nenda rudi haumtoshi mtoto anayekua.

Na soko la mbali lina mambo yake. Mwaka 2017 India ilipoweka ukomo wa mbaazi kutoka nje, bei ilianguka na wakulima wetu wakaumia. Debe lililobaki ndani halikupungua utamu.

Mtoto akitimiza miezi sita, pamoja na maziwa ya mama, mpondee mbaazi zilizoiva vizuri. Ufuta na korosho visagwe, uvichanganye kwenye uji, ukianza na kidogo. Korosho nzima humpalia mtoto mdogo. Chai isiandamane na mlo, maana huzuia mwili kupata madini ya chuma. Mpe chungwa au embe.

Baba ndiye mara nyingi anayepeleka gunia ghalani, na mama ndiye anayebandika chungu. Basi kaeni pamoja kabla ya mnada wa kwanza, mkubaliane madebe ya kubaki. Yakaushwe vizuri, yafungwe kwenye chombo kisichopitisha hewa ili wadudu wasiyaonje kabla ya watoto.