Ada ipungue, uhakiki ubaki

MSIMU wa kahawa unapofika Mkumbi, wilayani Mbinga, fedha huingia vijijini na hofu ya wezi huingia nayo. Mkulima ambaye ni askari mstaafu anapofikiria kumiliki bastola kihalali, ada ya leseni nayo huwa ni gharama ya kupigia hesabu.

Katika jimbo la Texas, Marekani, ada ya kawaida ya leseni ya kubeba bastola ni dola 40. Askari mstaafu aliyeondoka jeshini kwa heshima hulipa 25. Ni njia mojawapo ya kuenzi utumishi wake, na hapa nchini nayo inafaa kufikiriwa.

Lakini punguzo liishie kwenye ada. Kijana aliyekuwa na miaka 20 wakati Vita vya Kagera vinaanza mwaka 1978, sasa anakaribia 70. Uzoefu wa vitani haumpi mtu macho mapya wala mkono usiotetemeka. Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015 inataka mwombaji athibitike kwanza kuwa anafaa, na hapo asisamehewe mtu kwa sababu ya cheo alichokuwa nacho.

Bastola ikiibwa nyumbani, mwizi ndiye anayekuwa na silaha. Kwa hiyo wastaafu wapunguziwe ada, lakini vyama vya msingi navyo vihimize malipo ya kahawa kupitia benki na simu. Fedha isipolala chini ya godoro, wengi hawataihitaji bastola hiyo.