Saa Iliyopotea Kati ya Lango na Mashine

Ndugu wafanyakazi, malalamiko tunayoletewa siku hizi ni ya aina moja. Mtu kaingia kazini mapema, kafanya kazi mpaka jioni, na mwisho wa mwezi hati ya mshahara inasema alichelewa au hakuwapo. Menejimenti inajibu kwamba kompyuta haisemi uongo.

Sisi tunasema kompyuta hufuata ilivyoagizwa. Kiwandani mna madaftari mawili. La lango huandika saa mtu anapopita. La mashine huandika saa inapowashwa. Dakika zake haziwezi kulingana, maana kutoka langoni kuna mwendo, na kuna kubadili nguo. Kwa hiyo karani huiagiza kompyuta iunganishe kila mstari wa lango na mstari wa mashine ulio karibu nao kwa saa. Kazi hiyo si mbaya. Ubaya huingia pale saa zenyewe zisipokuwa za nchi moja.

Tukumbushane. Tangu Januari 2000 Juba ilikwenda sawa na Kampala na Nairobi. Khartoum ilirudisha saa nyuma Novemba 2017, na sisi Sudan Kusini tukafuata tarehe 1 Februari 2021. Tangu siku hiyo tuko nyuma ya Nairobi kwa saa moja. Mashine iliyofungwa na fundi wa ng'ambo ya Nimule yaweza kuwa na saa ya huko hadi leo. Hata lori likiandikwa kutoka Elegu saa 4.00 na kuingia Nimule saa 3.30, huonekana limefika kabla ya kuondoka. Dereva hucheka. Mpakuzi anayelipwa kwa saa hacheki.

Basi mwenzetu anapita lango saa 1.50 asubuhi, anawasha mashine saa 2.00, na mashine inaandika saa 3.00. Kompyuta ikiwa imewekewa mpaka wa dakika 15, haimpati: hayupo. Isipowekewa mpaka, inampata, lakini kachelewa saa nzima. Na kama haikuagizwa kutazama namba ya mfanyakazi, kazi yake hupachikwa kwa mtu aliyepita lango saa 2.55. Huyo analipwa kwa jasho la mwingine, wala hajui.

Tunadai saa zote zisahihishwe kwanza. Namba ya mfanyakazi itangulie, ndipo saa ifuate. Mstari uliokosa mwenzake usikatiwe mtu fedha, bali karani autazame pamoja na mwakilishi wetu. Yuko bwana mmoja aliyependekeza mpaka upanuliwe uwe dakika 75. Hapana! Hapo mchelewaji wa kweli atapita pamoja na sisi, na saa mbovu itabaki ukutani.

Hati za mshahara zilizokatwa msizitupe. Zileteni kwa mwakilishi wa idara yenu, mkiwa mmeandika siku na saa mliyoingia, kwa saa ya Juba.